Leseni ya Marehemu

Umeme wa mtaa wetu huondoka kimya na kurudi kwa fujo. Siku hiyo uliporudi, kompyuta ya uhasibu ilisema "pa!", ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza. Fundi wetu wa Kariakoo aliifungua, akatanguliza pua kabla ya macho, akatangaza: "Mazabodi imekwenda," yaani ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta. Diski haikuguswa. Tukanunua kompyuta nyingine, tukahamisha mafaili, tukadhani yameisha.

Programu ya hesabu ikawaka vizuri tu, kisha ikagoma: "Leseni hii inatumika kwenye kompyuta nyingine."

Hiyo kompyuta nyingine ilikuwa chini ya meza, tumbo wazi.

Na leseni tuliilipia, risiti ya EFD ipo. Ila programu za namna hii, siku unapozisajili, husoma namba ya kadi ya mtandao, namba ya mazabodi na kadhalika, na kuanzia hapo ni ndoa. Tena ndoa ambayo hata kifo hakiwatenganishi.

Nikampigia wakala. Muziki wa kusubiria ulipigwa mpaka Mama Mhasibu akaanza kuuimba. Hatimaye dada mwenye sauti tamu akapokea.

"Habari, mpendwa mteja. Kuhamisha leseni ni rahisi sana. Fungua programu kwenye kompyuta ya zamani, bonyeza 'Achilia leseni'."

"Dada, ya zamani imeungua."

"Pole sana. Sasa ukishaifungua..."

"Haifunguki, dada. Imekufa."

Kimya. Nikasikia anabofyabofya. "Sawa, nimekufungulia tiketi ya tatizo lako. Naomba ututumie picha ya skrini ya kompyuta hiyo."

Bosi, ambaye kila akipita alikuwa anatukumbusha kwamba ritani ya VAT mwisho ni tarehe 20, akasema tutii tu. Nikapiga picha ya skrini nyeusi tii. Ukiiangalia vizuri, ndani yake naonekana mimi nimeshika simu. Jibu likaja mchana: "Asante kwa ushirikiano. Picha ina giza. Tafadhali tuma yenye mwanga."

Kijana wa duka la jirani akasikia msiba wetu, akaja na flashi mfukoni. Anayo programu ileile, ya wizi, shilingi elfu kumi, inafunguka popote. "Hii haina maswali, bosi." Bosi alimfukuza, lakini si kwa haraka niliyoitarajia.

Ndipo fundi akasema, "Nipeni marehemu." Kesho yake akarudi nayo kwenye mfuko wa rambo. Alikuwa amebadilisha kapasita zilizovimba na kuipasha moto chipu fulani. "Itawaka dakika chache. Msiizoee."

Ofisi nzima ikasimama. Skrini ikaja. Programu ikafunguka, na jambo la kwanza ikatupa kisanduku: "Toleo jipya limepatikana. Sakinisha sasa?"

"Baadaye!" Mama Mhasibu akapiga kelele. "Mwanangu, bonyeza baadaye!"

Nikabonyeza. Nikakimbilia "Achilia leseni". Kisanduku kingine: "Una uhakika?" Moshi ulishaanza kutoka nyuma. Bosi, mtu mzima mwenye suti, alikuwa anaupepea kwa faili la wateja. Nikabonyeza ndiyo. "Leseni imeachiliwa." Pa! Giza.

Ritani iliingia tarehe 20, usiku, mlinzi akiwa ameshafunga geti mara mbili na kulifungua tena.

Asubuhi dada akapiga. "Mpendwa mteja, tiketi yako tumeifunga kwa kuwa hukutuma picha yenye mwanga. Tungependa kujua, kuanzia 1 hadi 5, umeridhika kiasi gani na mhudumu wako?"

Nikampa simu fundi, aliyekuwa amekaa mapokezi tangu tufungue. Akasikiliza kwa heshima zote, akakohoa kidogo.

"Tano, dada. Mhudumu ni mzuri mno," akasema, huku anamtazama bosi. "Tatizo, mpaka sasa hivi hawajamlipa."