Naomba Msinisaidie Kufuta Vumbi

Jamani, gari nililinunua linibebe. Sasa nashangaa, mbebaji nimekuwa mimi. Tangu liingie hapa nyumbani mke wangu ananisema kwamba watoto wetu hawakuwahi kuogeshwa kwa upole ninaoliogeshea lile gari. Nimenyamaza. Utabisha nini wakati glovu ya manyoya unayo mkononi?

Balaa lenyewe ni rangi. Unaliona linametameta, unadhani limepakwa rangi nene ya kudumu. Thubutu! Juu kabisa kuna klia, tabaka linaloonyesha kama kioo, ndiyo inayoleta ule mng'ao, na unene wake ni kama mikroni 40 au 50 hivi. Unywele wako wa kichwani, kama bado unao, mara nyingi ni mnene kuliko hiyo klia. Yaani mtu nimejifunga mkanda miaka yote ile, halafu ngao yenyewe ni nyembamba kuliko unywele!

Na msidhani adui wa klia ni mwizi. Adui ni mtu msafi, mwenye roho nzuri, anayepita zake, akaona vumbi kwenye boneti, akachomoa leso akafuta. Vumbi lina chembe za mchanga, bwana. Ukilifuta kavu unapiga msasa. Subiri jua litoke, inama kidogo pembeni ya boneti uangalie: vimikwaruzo vimejizungusha kama utando wa buibui. Aliyefuta yuko wapi? Kaenda zake, na moyoni anajua kanitendea wema.

Basi mtu mzima na ndevu zangu nimeanza kujifunza kuosha upya. Ndoo ni mbili, moja ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu, maana mchanga ukirudi kwenye povu umeula wa chuya. Rimu zina ndoo yake na brashi yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma, halitakiwi hata kusalimiana na mlango. Unaanza kwa kumwagia maji mengi ili uchafu ung'oke wenyewe, kisha paa, unashuka, chini ya milango unamalizia kwa vile ndiko matope yalikolala. Kusugua kwa kuzungusha mkono, marufuku. Tena yote haya kivulini, bodi ikiwa imepoa, la sivyo maji yanakukaukia na kukuachia madoa meupe ya madini. Mimi mwenyewe naoga kwa ndoo moja na kipande cha sabuni, miguu nafuta kwa taulo lolote nitakalolikuta.

Jirani kazi yake kuchungulia. "Mzee, kwani sabuni ya vyombo ina ubaya gani?" Haina ubaya, jirani, kwa vyombo. Imeundwa ikate mafuta, na nta niliyoipaka hadi mabega yakalia itaondoka nayo. Nta yenyewe haina shukrani: ukiipaka vizuri inakaa miezi michache tu, halafu inataka tena. Kuna kinga nyingine ya seramiki, hiyo hukaa miaka, lakini rangi lazima isawazishwe kwanza, kwa maana ukiipaka juu ya mikwaruzo umeihifadhi mikwaruzo. Utaitazama kila asubuhi, imetunzwa vizuri kabisa.

Sijasema ndege. Mbingu yote ile Mungu kawapa, miti wanayo, nyaya wanazo, mapaa ya watu yapo. Hawaoni pa kujisaidia ila kwangu! Na uchafu wao ni tindikali. Jua kali likiupiga, saa chache tu klia imeshaliwa. Huwezi hata kuukwangua kwa hasira. Unaulowesha kwa kitambaa cha maji, unausubiri ulainike, unauinua taratibu huku umebana meno. Nimewahi kuwaacha wageni sebuleni nikakimbilia nje na kitambaa kibichi. Wakadhani kuna moto.

Sasa juzi kaja baba mkwe. Nimempokea, nimechukua mkoba, tunaingia ndani, mzee kasimama mbele ya gari. Lilikuwa na vumbi. Akaingiza mkono mfukoni, nikaiona leso inatoka, imekunjwa pembe nne, ngumu, mwaka haijafuliwa. Nikafungua mdomo. Lakini utamwambiaje mzee aliyekupa binti yake kwamba asiguse? Akafuta katikati ya boneti, akazungusha, akazungusha, akaitemea mate kidogo, akazungusha tena.

"Mwanangu," akasema, "kitu kama hiki lazima ukitunze."

"Asante, baba."

"Na ule upande mwingine?"

"Karibu, baba."