Wageni wa Mfungo Sita

Mtu akikwambia ana nyumba Langoni, hatua chache kutoka Msikiti wa Riyadha, mpe pole kwanza, hongera baadaye. Mwaka mzima nyumba ni yangu. Ukishaandama mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi ya Mtume, nageuka mpangaji asiyelipa kodi, na hivyo ndivyo ninavyotazamwa humo ndani.

Tuelewane mapema, maana Amu, ndiyo Lamu, ni mji mdogo na maneno hufika kabla ya aliyeyasema. Simlalamikii Mtume, rehema na amani zimshukie. Simlalamikii Habib Swaleh, Mungu amrehemu, aliyetoka Ngazija akaja kutuachia Riyadha na Maulidi ambayo watu huyafunga safari kutoka pwani nzima. Ninaowalalamikia ni jamaa zangu wa damu, ambao kuzuru wazuru kwa Habib Swaleh, na kulala walala kwangu.

Shida ya kwanza ni tarehe. Wenye sikukuu ya Disemba wana raha, sikukuu yao imekaa pale pale kama nguzo. Sisi twafuata mwezi wa angani, na huo humtangulia mwenzake wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11 kila mwaka. Kuna miaka Maulidi huangukia wakati kazi zipo na mfuko una uzito. Miaka mingine yaja yakutane na Januari na karo ya shule, mimi niko mlangoni nakaribisha wageni kwa meno yote, moyoni napiga hesabu. Huwezi hata kuchagua mwezi mmoja ukauchukia kwa utulivu.

Jamaa zangu lakini tarehe haiwasumbui. Waijua kuliko kadhi. Utaona tu simu zimeanza: "Hamjambo? Watoto hawajambo? Twasikia mwaka huu Maulidi yatafana." Usidhani hiyo ni salamu. Hapo mtu ashajipatia godoro.

Wa kwanza kuwasili siku zote ni shangazi yangu wa Malindi. Ni mzaliwa wa hapa hapa, aliolewa huko, na tangu alipohama amekuwa Mwamu kuliko sisi tuliobaki. Hushuka basi Mokowe, akapanda boti, na mimi namngoja gatini na punda wangu, kwa sababu nayajua mizigo yake. Mwaka huu alishuka na begi mbili, ndoo ya achari ya maembe, chandarua chake, mto wake, na mbuzi ya kukunia nazi aliyoipakata mwenyewe kama mtoto mchanga. Nahodha alipotaka kumpokea, alikataa.

"Shangazi, kwetu mbuzi ipo," nikamwambia.

"Naijua. Haina meno."

Mama Amina, mke wangu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno. Alibusu mkono wa shangazi, akauliza habari za safari, akachukua begi jepesi. Usiku ndipo mimi nilipoulizwa, mbuzi yake ina kasoro gani, kama kwamba nimeichonga mimi.

Baada ya shangazi, mlango haufungwi. Waliotoka Faza, waliotoka Matondoni, dada yangu na wanawe kutoka Mombasa, na mzee mmoja ambaye mpaka leo hatujajua ni wa upande gani. Mimi nilidhani ni wa kwa mke wangu, mke wangu alidhani ni ami yangu. Alikula, akalala, akatuombea dua nzuri sana, akaenda zake. Nani angethubutu kumuuliza? Aweza kuwa kweli ni ami.

Wanawake huchukua vyumba, wanaume hupanda juu chini ya makuti. Kitanda changu hupewa shangazi bila ya mimi kushauriwa. Juu kule upepo ni mzuri, siwezi kuukana, ila tukilala tumepangwa kama dagaa, na mmoja akigeuka inabidi safu yote igeuke. Saa kumi alfajiri foleni ya choo imeshafika kwenye ngazi. Birika la maji ya kuogea nimelijaza mwenyewe jioni, na ikifika zamu yangu kata yakwaruza sakafu. Kuna mvulana mmoja, simtaji, huoga kama anayesafisha jahazi.

Ukitoka nje ili upumue, huko nako hakuna pumzi. Njia zetu wazijua: punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume, na punda kurudi nyuma si kazi ya kuifanya ukiwa na haraka. Wiki ya Maulidi ongeza humo kanzu zilizopigwa pasi, mabuibui, watoto wenye maputo, wauza halwa, na watalii waliosimama katikati kupiga picha mlango. Tangu 2001 mji huu ni Urithi wa Dunia. Nimefurahi. Dunia nzima imerithi, ila mpaka leo sijamuona mrithi mwenzangu akija na ndoo ya chokaa kunisaidia kupaka ukuta.

Kuhusu chakula sitaki kusema mengi, nitapandwa na presha. Ikiwa kusi lavuma, bahari imechafuka na wavuvi hawatoki ovyo, nguru mmoja utamnunua kwa bei ya kumposea. Na wageni nao, kwao wala wali wa jana bila ya neno, wakivuka tu maji ya Mokowe ndimi zao hubadilika. Mkate wa mofa haukuiva sawasawa. Viazi karai vya nyumba ya pili ndivyo vyenye ukwaju. Samaki wa kupaka, nazi ni nyepesi. Hapo shangazi humtazama Mama Amina, Mama Amina hunitazama mimi, mimi namtazama samaki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sina shamba, kazi yangu ni kubeba mchanga na mawe kwa punda. Basi siku ya tatu nikamwita mpwa wangu Kassim, kijana wa Mombasa mwenye nywele za kuchongwa, nikampa shogi. Nikamwambia, "Ndoo, mjombao akufunze kazi." Shogi, kwa asiyelijua, ni lile pakacha la ukili analotandikwa punda mgongoni, mifuko miwili, huku na huku. Ukijaza upande mmoja tu, punda atakuaibisha mbele za watu. Kassim aliaibika siku mbili, ya tatu akaizoea kazi, na mimi nikaanza kuona faida ya Maulidi kwa mara ya kwanza.

Sikujua mwenzangu ana lake. Punda wangu jina lake Mzee. Ni jina la heshima na lamfaa. Kassim kwa siri alikuwa ameshambatiza Roketi na kumuandikisha kwenye mbio.

Mbio za punda hapa si mchezo wa watoto. Vijana hupanda bila ya tandiko, wakakimbia pwani mbele ya mji, na anayeshinda hutembea mwaka mzima kifua mbele. Siku hiyo watu hujaa ufukoni, madirishani, juu ya mapaa, ndani ya mashua. Nami nilikwenda, kwa sababu nilikuwa namtafuta punda wangu. Nikamuona kwenye mstari. Kapakwa hina shingoni. Shada la maua sikioni. Amesimama kwa utulivu wake ule ule, kama anayengoja kulipwa.

Filimbi ikalia. Wallahi Mzee alitoka mbio! Nilisahau hasira zote, nikajikuta napiga kelele "Mzee! Mzee!" na wazee watatu waliokuwa karibu wakaitika kwa hasira. Alikuwa wa nne, akawa wa tatu. Kassim juu kainama, mikono yaruka. Mimi nikaanza kuigawa zawadi: hii ya karo, hii ya mchele.

Wakafika pale zinapotia nanga mashua za mchanga.

Hapo Mzee amepakizwa mchanga kila siku ya Mungu tangu akiwa kijana. Akapunguza mwendo. Akasimama. Akageuka akaipa bahari mgongo, miguu sawa, kichwa chini, tayari kupakizwa. Kassim akampiga visigino, akambembeleza, akamtukana Kimombasa. Mzee hatingishiki. Wenzake wote wakampita, mpaka yule punda mwenye kilema aliyeingizwa kwa ajili ya kuchekesha. Umati ulicheka hadi mzee mmoja akashikwa na kikohozi.

Mwishowe Mzee aliona kwamba mchanga hauji, na mgongoni kuna uzito wa kutosha. Akashika njia. Si njia ya mbio, njia ya kazini: akakata kuingia mjini, akapita baina ya masinia ya pilau, Kassim juu amekumbatia shingo, hadi kwenye nyumba inayojengwa ambako twapeleka mchanga mwezi wote huu. Akasimama mlangoni. Fundi akachungulia kutoka juu ya boriti.

"Huu mchanga gani uliovaa fulana?"

Nilipofika, fundi alikuwa amemshusha Kassim na kumwandika daftarini safari moja. Nilidai malipo yangu kamili. Kazi ni kazi.

Msiba huo ulimalizika, lakini mji mdogo hauna jambo linalomalizika. Jioni nikapita Mkunguni, mbele ya Ngome, kwenye mashindano ya bao. Wachezaji wenyewe ni watu wa adabu, huzisogeza kete kimya kimya. Watazamaji ndio balaa. Mmoja akaniona, akaacha kubishana juu ya mtaji wa bao, akauliza kwa sauti kama Roketi ameshatua. Ngome ile hadi 1984 ilikuwa gereza. Nikaiangalia kuta zake nene nikaona wafungwa wa zamani walikuwa na stara yao, hakuna aliyeweza kuingia kuwacheka.

Basi usiku wa kilele nilikataa kwenda popote. Nikasema kichwa chauma. Wakatoka wote, hata shangazi na goti lake. Nyumba ikawa yangu. Kitanda changu kikawa changu. Nikajinyoosha, nikafumba macho, na matari yakaanza kule Riyadha.

Hapa nitakuwa mwongo nikijidai. Yale matari hayagongi sikioni, yagonga hapa, chini ya mbavu, na filimbi ya nai juu yake ikilia kama mtu akuitae kwa jina. Nilivumilia kasida ya kwanza. Ya pili nikawa nimeketi. Ya tatu nilikuwa njiani nafunga vifungo vya kanzu, kofia ya vito kichwani, na nilipofika nikajitia kwenye safu ya vijana wanaoyumba pamoja, bega kwa bega, kulia na kushoto. Aliyekuwa kando yangu ni Kassim. Anajua kasida zote, mwanaharamu yule, Mungu anisamehe kwa kutaja neno hilo mahali pale. Sikuwahi kujua. Mvuke wa udi, jasho la waridi, kahawa chungu yazunguka, na watu wa kila aina wamejazana hadi nje barabarani. Karibu alfajiri nikamuona na yule mzee asiye na upande, analia machozi kwa furaha. Nikamletea kahawa. Akaniita "mwanangu". Basi pengine ni ami.

Kesho yake nikafuata zefe, maandamano ya Maulidi, pwani nzima, jua la kichwani, sauti imekwisha. Nani alinilazimisha? Hakuna. Hiyo nayo ni lawama, ila sijajua nimpe nani.

Siku ya kuondoka niliwasindikiza gatini na Mzee, ambaye sasa watoto wa mji mzima wamwita Roketi na yeye ameanza kuitika. Nikabusu mikono, nikapakia ndoo tupu ya achari, nikapunga mpaka boti likawa dogo. Nikarudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyeachiwa huru. Nikajaza birika, nikaoga bila ya foleni, nikalala kitandani pangu mchana kutwa.

Jioni simu ikalia. Shangazi.

"Mwanangu, tumefika salama, alhamdulillahi. Ila nimesahau mbuzi yangu."

"Usijali, Shangazi. Kesho asubuhi naipa basi, mchana iko kwako."

"Basi! Ukaipe basi, waikalie? Hapana. Iweke tu. Lile Tamasha la Utamaduni laanza lini?"

Nikamwambia. Akasema ni karibu, na kwamba na dada yangu pia alikuwa ameuliza. Nikakata simu, nikamkuta Mama Amina jikoni ameikalia mbuzi ya watu, akuna nazi kwa kasi, chicha yaanguka laini kama unga.

"Ameisahau," nikamwambia.

"Ameisahau?" Akapuliza chicha kwenye meno ya mbuzi, akachukua kifuu cha pili. "Niliificha mimi chini ya kitanda. Nawe mwambie aje na ile achari."