Mzizi wa intaneti: tugatue nini, na kwa nani?

Mkulima wa zabibu wa Hombolo akifungua tovuti inayoishia na .tz, simu yake haijui pa kuipata. Ombi hupita kwanza kwenye mzizi, orodha inayosema seva (kompyuta zinazojibu maombi) za .tz ziko wapi. Seva hizo nazo huelekeza ilipo tovuti yenyewe. Orodha ya mzizi inasimamiwa na ICANN, shirika lililoanzishwa California mwaka 1998.

Wanaotaka mzizi ugatuliwe hawaropoki. Hadi Oktoba 1, 2016, serikali ya Marekani ndiyo iliyokuwa na usimamizi wa mwisho. Mpaka leo .com inaendeshwa na kampuni ya huko, Verisign. Mahakama ya Marekani ikiamuru jina la .com lifungwe, linafungwa hata kama mwenyewe anakaa Area C, Dodoma.

Upande wa pili nao una lake. Seva za mzizi zina majina 13, chini ya mashirika 12, na nakala zake zimetapakaa duniani. Mwishoni mwa Februari 2022 Ukraine iliomba .ru, yaani majina ya Urusi, iondolewe, ICANN ikakataa. Hivyo hiyo swichi moja ya kuzima majina ya nchi nzima tunayotishwa nayo si rahisi kuibonyeza.

Mbadala unaopigiwa debe ni majina ya blokcheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi bila msimamizi mmoja: Namecoin tangu 2011, kisha Ethereum Name Service. Hakuna wa kukunyang'anya jina, sawa. Lakini ukipoteza ufunguo wa siri, yaani nywila inayothibitisha jina ni lako, utamlalamikia nani? Tapeli akikuwahi kusajili jina la duka lako, je? Na kwenye Ethereum Name Service kura za kuamua mambo ya mfumo hupigwa kwa tokeni, sarafu zake za kidijitali: mwenye nyingi ndiye mwenye sauti.

Hapa nakumbuka Madaraka Mikoani, mpango wa serikali ya Tanzania wa mwaka 1972 wa kupeleka madaraka mikoani. Maofisa walitumwa mikoani huku halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zikifutwa, hadi ziliporudishwa miaka ya 1980. Tangu hapo, neno ugatuzi pekee halinitoshi. Nauliza nani kapokea.

Kwangu mzizi ubaki mmoja, maana mizizi miwili inaweza kuwapeleka watu wawili walioandika jina lilelile kwenye tovuti tofauti. Ngazi ya chini yake, ya majina kama .com na .tz, ndiyo ya kugombania. Biashara ya Dodoma ikitumia .tz, amri ya kuifunga itatoka nchini, na ya nchini naweza kuipinga bila kutafuta wakili Marekani. Ila mkono ulio karibu hufika upesi (hili wapenzi wa .tz hawalisemi sana), kwa hiyo nataka sheria iseme wazi: hakuna kufunga jina bila amri ya mahakama, na mwenye jina asikilizwe kwanza.