Giza likiingia achana na rangi: chambo cha kuelea kwa ajili ya besi

Mtu akiuliza achukue chambo gani cha kuelea, yaani kile cha bandia kinachovutwa juu ya maji, kuvua besi (samaki wa maji yasiyo na chumvi anayewinda vidagaa) jioni na usiku, majibu yanayomiminika karibu yote ni ya rangi. Chukua nyeupe, chukua ya chura, chukua ile inayong'aa gizani, hakikisha tumbo lina wekundu. Mi naona tunamuanzishia mtu mahali sipo kabisa. Jioni na usiku ni uvuvi wa aina mbili, na usiku ukishashika kitu cha kwanza kuchagua ni mlio na mwendo, rangi inakuja mwisho kabisa na hapo ukichukua nyeusi umemaliza.

Hii sio imani tu, inatokana na mwili wa samaki mwenyewe. Besi mdomo-mkubwa mchana anaona vizuri na rangi anazitofautisha, hasa nyekundu na kijani. Ila jicho lake lina seli za aina mbili kama letu, zile za rangi zinazotaka mwanga wa kutosha, na zile za mwanga hafifu ambazo rangi hazizijui. Jua likizama zile za kwanza zinaachia kazi taratibu na zile za pili zinaishika, na kwa samaki seli zenyewe zinahama nafasi ndani ya jicho, ndio maana inachukua muda. Sasa wewe umenunua chambo chenye madoadoa kumi ya rangi, unakitupa saa nne usiku, yeye yuko chini anatazama juu, anachoona ni kivuli tu. Anga hata bila mwezi huwa jeupe kidogo kuliko maji, kwa hiyo kitu cheusi kinajichora vizuri dhidi yake. Cheusi kinaonekana usiku, najua inasikika kinyume, lakini fikiria unatazama ukiwa chini sio ukiwa juu kwenye boti.

Halafu kuna ule mstari wa ubavuni unaoanzia nyuma ya shavu mpaka kwenye mkia, huo unahisi maji yanavyosukumwa. Haufiki mbali, ila akishakaribia unamwambia kitu kiko wapi na kinaelekea wapi. Usiku anaanza kusikia kwa mbali, anasogea, anahisi msukumo wa maji, anaona kivuli, anapiga. Chambo chako kinatakiwa kimsaidie katika hatua zote hizo, na vingi tunavyovisifia havimsaidii.

Tuanze na jioni, ule muda jua limezama lakini bado unaona. Kama maji yameshapata joto la nyuzi 15 au 16 hivi kwenda juu, huu kwangu ndio muda mtamu kuliko yote. Mara nyingi upepo unatulia, vidagaa vinacheza juu, besi anatoka kwenye kivuli alikojificha mchana na kusogea kwenye maji mafupi. Hapa popa ni mfalme. Nazungumzia chambo chenye mdomo uliobonyea mbele ambacho ukikivuta kinatema maji na kutoa mlio. Wengi wanakivuta mfululizo kama wana haraka, wakati nguvu yake yote iko kwenye kusimama. Tupa pembeni ya magugu, acha viduara vya maji vipotee vyote, vuta kidogo mara mbili, acha tena. Anayekula chambo kilichosimama anakula vizuri, anakimeza.

Kama eneo ni wazi na unataka kumwita samaki kutoka mbali, kuna Zara Spook ya Heddon, chambo cha Marekani cha tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 na mpaka leo kinauzwa. Chenyewe hakina chochote mdomoni, kimenyooka tu, wewe ndiye unakipa maisha: unadonoa ncha ya fimbo ya kuvulia huku mshipi umelegea kidogo, kinageuza kichwa kushoto, kulia, kushoto. Jioni kinafanya kazi sana maana besi bado anaona, anaweza kurekebisha shabaha dakika ya mwisho. Na kwenye mayungiyungi yaliyoziba maji kabisa tumia chura wa mpira mwenye ndoana zilizolala mgongoni, hapo hakuna mjadala, vingine vyote vitanasa.

Sasa lini ubadilishe? Watu wanaangalia saa, mi siangalii saa, maana mawingu, miti na mwezi vinabadilisha kila kitu. Kipimo changu ni hiki: ukitupa umbali wako wa kawaida na huoni tena chambo chenyewe, unaona tu mkwaruzo wake juu ya maji, hapo jioni imeisha. Kata, funga kingine.

Na usiku nasema wazi kwamba ile Spook naiweka kisandukuni. Wapo wanaopata samaki nayo usiku, siwabishii, ila shida yake ni kwamba inaruka huku na huku na kila saa iko sehemu mpya, besi analenga ilipokuwa. Utasikia maji yanapasuka mara tatu na fimbo haina kitu. Unachotaka usiku ni kitu kinachokwenda njia moja, kasi moja, mlio ule ule, ili besi aanze kukifuata na ajue sekunde mbili zijazo kitakuwa wapi. Ndio maana namtetea Jitterbug mpaka kesho. Hiki alikitoa Fred Arbogast, Mmarekani, kwenye miaka hiyo hiyo ya 1930, kina bamba pana la chuma mdomoni na ukikivuta polepole kinayumba na kugugumia, plop plop plop, mwili unayumba lakini safari yenyewe imenyooka. Hakihitaji ufundi wowote wa mkono. Kwa watu wengine hiyo ni kasoro, eti hakina changamoto, mi naona ndio uzuri wake wote, gizani huoni unachofanya kwa hiyo chambo kinachojifanyia chenyewe ni bora kuliko kinachokutegemea wewe. Kuna pia vile vya kisasa vyenye mkia unaozunguka, Whopper Plopper na wenzake, navyo vinafuata kanuni hiyo hiyo na vinasukuma maji mengi zaidi.

Kasi iwe ndogo, yaani kila mlio uusikie peke yake, ukianza kusikia milio imeungana unakimbia. Na usisimame simame. Najua nimetoka kusifia kusimama hapo juu, lakini hiyo ilikuwa jioni. Usiku ukisimama mlio unakata na msukumo wa maji unakata, umempotezea njia. Labda pale unapopita kwenye nguzo au kisiki unachokijua, hapo sekunde moja inatosha.

Kingine ni kile chambo cha waya chenye pangaboi. Hiki ukikiacha kinazama, kwa hiyo kinakulazimisha usisimame, na kina ndoana moja tu ambayo haikamati majani hovyo. Kitafutie kasi ndogo kabisa inayokiweka juu na uishike hiyo hiyo. Zile golori zinazocheza ndani ya vyambo vingine hazinivutii sana, kelele kali kali za juu sio sawa na maji kusukumwa, na ukiniambia nichague moja nitachagua kusukumwa. Kama maji ni maangavu, mwezi umewaka na kumetulia kabisa, shuka ukubwa na mlio, chambo cha sentimita 6 au 7 kinachonong'ona kinatosha. Giza nene au maji yenye tope, panda mpaka 10 na zaidi bila woga. Penye taa ya gatini wadudu na vidagaa wanajikusanya, basi wewe kaa gizani na upitishe chambo pale mwanga unapokatikia, sio katikati ya mwanga, besi anakaa upande wa kivuli.

Mshipi watu wanaudharau. Florokaboni, aina moja ya mshipi, inazama, inavuta pua ya chambo chini na kuua mlio wote, usiitumie kwa vyambo vya kuelea. Nailoni ya kawaida yenye nguvu ya kilo 6 au 7 iko sawa na inavutika kidogo, hiyo inasaidia besi asing'oke. Uzi wa kusuka unaelea vizuri ila ni laini, unajizungusha kwenye ndoana ya mbele na gizani hutajua mpaka chambo kianze kuja kinyumenyume, kwa hiyo funga kipande cha nailoni mbele yake.

Na tafadhali sana, ndoana za ncha tatu usiku sio za kuchezea. Bonyeza vile vichembe vya ndoana, vijimiba vinavyozuia isichomoke, kwa koleo kabla hujatoka nyumbani, vaa miwani, tochi iwe kichwani, na ukiwa kwenye boti jaketi la kuokolea maisha livaliwe lisikaliwe. Tochi usiimulike kwenye maji unayovua, geuka nyuma ukifunga mshipi.

Besi akipiga usivute kwa sababu umesikia. Hili ni gumu, kwenye kimya kile mlio unakushtua na mkono unataka kuondoka wenyewe, lakini mara nyingi anakuwa amekisukuma tu na wewe ukivuta unamnyang'anya, tena chambo kinakurudia usoni na hukioni. Endelea kuzungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa kasi ile ile mpaka uhisi uzito, ndipo ufagie fimbo pembeni. Asipokuwepo usibadilishe kitu, kiache kiende, mara nyingi anarudi mita mbili mbele. Akikosa tena na tena pita njia ile ile kutokea upande uliotoka, polepole zaidi, na kama bado anakigonga tu bila kukishika weka cha ukubwa mdogo, cheusi hicho hicho, kabla hujahama eneo.