Huyo "hachoki" wenu ana miaka 13

Jumamosi usiku binti wa dada yangu alikula ugali kwa mkono wa kushoto.

Anayeijua nyumba ya mama yangu anajua hilo ni kosa la namna gani. Bibi alirudisha tonge lake kwenye sahani, akamkazia macho, akauliza, "Mkono gani huo?" Mtoto kimya. Akajaribu kuhamishia kulia, tonge likafika usawa wa kifua, mkono ukagoma hapo hapo. Sato wa siku ile alikuwa mtamu, lakini sikumbuki nani alimmaliza.

Siku hiyo alikuwa amerusha mechi tatu za softiboli, mchezo ndugu wa besiboli: yeye ndiye mrushaji, anayemrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Ya saa tatu asubuhi, ya saa sita, ya saa tisa. Uwanja wa changarawe huku Ilemela, Mwanza, jua linawaka, na sisi wakubwa tumejazana juu ya mawe kama pimbi, tunapiga makofi. Nami nilipiga. Baba mmoja jirani yangu alikuwa anapaza sauti kila mpira ukipita: "Huyo hachoki huyo! Mashine!" Ikawa wimbo. Mechi ya tatu nikaanza kuhesabu nyuma ya risiti ya duka, kwa udadisi tu. Niliishia 104, bila ile mipira ya kupasha mwili moto. Za asubuhi na mchana hakuna anayejua ni ngapi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kalamu.

Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanijibu, "Mamdogo, ningesema nini? Wote walikuwa wanasema sichoki."

Hapo ndipo nilipokasirika, na sijapoa.

Najua mtakuja na ile hoja yenu: softiboli mrushaji anarushia chini, mkono unazunguka tu kama tanga boi, si kama besiboli anayerushia juu. Nimeisikia mpaka kwa watu ambao hawajawahi kushika glavu. Basi mjue kwamba waliopima huko Marekani wamekuta bega la mrushaji wa chini linabeba mzigo mkubwa, karibu sawa na la yule wa juu, na maumivu hukaa mbele ya bega, pale mshipa wa msuli wa mkono unapojishikiza. Na huyu ni mtoto. Ncha za mifupa yake bado laini, bado zinakua. Marekani hao hao, kwenye besiboli ya watoto ya Little League, tangu 2007 mtoto wa miaka 11 au 12 akifika mirusho 85 kwa siku anatolewa, hata awe anashinda. Akivuka 65, siku nne haruhusiwi kurusha kwenye mechi. Kwa mabinti wa softiboli wakaamua kuhesabu iningi, yaani vipindi vya mechi, badala ya mirusho, imani ikiwa ile ile ya "anazungusha tu". Kwa hiyo ujinga huu si wetu peke yetu, kama hilo linawafariji.

Halafu kuna Ueno. Kocha wetu anampenda Yukiko Ueno kuliko anavyompenda mke wake. Olimpiki ya Beijing 2008, Mjapani yule alirusha mara 413 ndani ya siku mbili, mechi tatu, akaipa nchi yake dhahabu mbele ya Marekani. Ni kweli, na mimi nikiisikia nasisimka. Lakini alikuwa na miaka 26, kocha! Mwanamke mzima, ana madaktari, ana watu wa kumkanda. Huyu wetu alikandwa na nani? Alirudi nyumbani akakuta ndoo ya lita ishirini inamsubiri. Na Wajapani hao hao, ambao wametushika mkono sana kwenye michezo hii hapa nchini, kwa vijana wao wa besiboli ya sekondari waliweka kikomo mwaka 2020: mirusho 500 kwa wiki. Hiyo habari kocha hajatusimulia.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, Igombe. Dagaa wa karabai anavuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka, taa haimvuti tena, anatawanyika, kwa hiyo mitumbwi inavutwa mchangani. Siku hizo baba alilala mchana, alishona nyavu, alicheza bao, mgongo ukanyooka. Sijawahi kusikia mtu akimwita mvivu. Na najua kabisa kwamba bila mwezi asingepumzika, kwa sababu mwenye mtumbwi, tajiri, asingempa nafasi, na baba mwenyewe asingethubutu kuomba. Nani aombe mapumziko mbele ya wenzake wanaovuta wavu? Mwezi haukumwuliza kama amechoka. Ulitoka tu, kazi ikasimama.

Binti wa miaka 13 ndiyo kabisa haombi. Mmemwita mashine, halafu mnangoja mashine iseme inaumwa. Ndiyo maana sitaki kusikia "akichoka atasema". Nataka mtu mzima mmoja akae pembeni na daftari la mia tano na kalamu, kila mpira mstari, na namba ikifika mtoto atoke. Awe analia, awe anang'ang'ania, tuwe tunaongoza au tunafungwa. Kesho yake asiguse mpira. Na mwaka usiwe wote wa kurusha, kuwe na miezi ya kucheza hata rede na wenzake.

Nakubali, shingo upande, kwamba kocha hana lawama zote. Analipwa sifuri. Glavu wanapokezana. Na kumpata mtoto anayepitisha mipira mitatu sawasawa mfululizo ni kazi. Wengine wakishika mpira tunainamisha vichwa huku kwenye mawe. Lakini wa pili hawezi kupatikana kama hapewi mpira hata kwenye mazoezi. Daladala ya Buhongwa yenyewe ina deiwaka. Dereva akichoka anashuka, mwingine anashika usukani, abiria tunafika Igoma. Timu nzima ya shule haina deiwaka mmoja wa mrushaji?

Dada yangu ameniachia simu nimjibu kocha, maana yeye ni mpole na mimi wananijua. Jana usiku kocha aliandika: "Shikamoo dada, bega linaendeleaje? Jumamosi ni nusu fainali, tunamtegemea." Nikaitika marahaba. Nikamwambia mtoto amepelekwa hospitali, ameambiwa apumzishe mkono wiki tatu. Kisha nikamuuliza: mrushaji wa pili anaitwa nani?

Tiki mbili za bluu tangu saa nne usiku. Jina bado halijaja.