Je, tcpdump ilikuwa macho?

Ukiletewa upitie msimbo wa jaribio linalonasa pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni), majina ya vigeugeu na mpangilio wa faili vinaweza kusubiri. Nenda moja kwa moja kwenye mstari unaoamua kufaulu au kufeli, ujiulize: jaribio hili lingejibu nini kama tcpdump, programu inayonasa pakiti hizo, isingewaka kabisa? Kwa majaribio mengi ya aina ya "hakikisha pakiti hizi hazitoki", jibu ni kijani, yaani limefaulu. Hilo pekee linatosha kuurudisha msimbo kwa mwenyewe.

Tuchukue jaribio linalotakiwa kuthibitisha kwamba programu haivujishi maswali ya DNS (ya kutafuta anwani za majina ya tovuti) nje ya handaki la VPN:

tcpdump -i veth0 -w nasa.pcap udp port 53 &
sleep 2
./tuma-maombi
kill -9 $!
test $(tcpdump -nr nasa.pcap | wc -l) -eq 0

Linaonekana safi, na litafaulu karibu kila siku. Tatizo ni kwamba litafaulu hata programu ikivuja. Signali ya 9 (kill -9) huua mchakato papo hapo na haiipi tcpdump nafasi ya kumwaga bafa yake, yaani data iliyo bado kwenye kumbukumbu, kwenye diski, kwa hiyo faili linaweza kubaki na baiti 0. Amri ya mwisho inalisoma faili hilo, inashindwa, inalalamika kwenye stderr (mkondo wa ujumbe wa makosa), na wc inahesabu mistari 0. Sifuri ni sawa na sifuri, basi kijani. Kosa limemezwa na bomba (|) kati ya amri mbili, maana ganda (shell) la kawaida huangalia matokeo ya amri ya mwisho tu. Kuna na jambo dogo pembeni: DNS hupita TCP pia, njia nyingine ya kusafirisha data, hasa jibu lisipotosha kwenye UDP, kwa hiyo kichujio (hapo juu "udp port 53") kingekuwa "port 53" tu.

Kuhusu sleep 2, msimamo wangu hauna mjadala: haifai, hata ukiandika sleep 10. Kwenye seva ya majaribio iliyoelemewa, sekunde mbili zinaweza kupita kabla kiolesura cha mtandao (hapa veth0) hakijafunguliwa. Na kama mchakato hauna ruhusa ya CAP_NET_RAW (ya kunasa pakiti), tcpdump inakufa papo hapo, skripti inaendelea kulala, kisha inaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. tcpdump yenyewe husema ikiwa tayari: huandika "listening on veth0" kwenye stderr baada ya kichujio kuwekwa. Soma stderr mpaka mstari huo utokee, weka ukomo wa sekunde 10, na usipotokea jaribio lifeli. Lisirukwe, lifeli. Wanaotumia Scapy, maktaba ya Python ya kushughulikia pakiti, wana started_callback ndani ya AsyncSniffer kwa kazi hiyo hiyo, ingawa wengi huipita na kuweka time.sleep(1).

Kufunga kuna ujanja wake. Tumia SIGINT (signali ya Ctrl-C), kisha wait, ili mchakato uishe kabla ya kugusa faili. Hata hivyo haitoshi. Kwenye Linux, libpcap, maktaba inayotumiwa na tcpdump, hupokea pakiti kutoka kwa kerneli (kiini cha mfumo) kwa mafungu, si moja moja, na fungu lisilojaa linaweza kusubiri hadi sekunde nzima kabla ya kukabidhiwa. Alama ya -U humwaga faili kila pakiti inapoifikia tcpdump, lakini haina uwezo juu ya pakiti ambazo bado ziko kwa kerneli. Hizo zinahitaji --immediate-mode. Ukiona mwishoni "12 packets captured" na chini yake "14 packets received by filter", pakiti mbili zimebaki njiani. Mistari hiyo ya takwimu isitupwe: "dropped by kernel" (pakiti zilizotupwa na kerneli) ikizidi 0, jaribio la kuthibitisha kutokuwepo kwa pakiti halina haki ya kufaulu.

Dawa ninayoipendekeza karibu kila mara ni pakiti ya alama. Tuma pakiti ya UDP yenye maneno ya nasibu, kupitia kiolesura kile kile na kuelekea upande ule ule, kwenye mlango ambao kichujio kinauruhusu, kwa mfano "port 53 or udp port 40001". Irudie mpaka ionekane ndipo uanze jaribio. Likiisha, tuma nyingine yenye maneno tofauti, na ikionekana ndipo ufunge. Sasa sifuri ina maana, kwa sababu kabla yake na baada yake kuna kitu kilichosikika. Kumbuka tu muda wa katikati. TCP ya Linux hurudia SYN (pakiti ya kuomba kuunganisha) ya kwanza baada ya sekunde 1, kwa hiyo dirisha la nusu sekunde halioni hata jaribio la pili la kuunganisha.

Mahali pa kunasia pia hukosewa, hasa kwenye majaribio ya ukuta wa moto. Pakiti inayoingia huonekana kwa tcpdump kabla ya kufika iptables, ukuta wa moto wa Linux. Ukinasia kwenye mashine ile ile inayozuia, utaiona pakiti iliyozuiwa vizuri kabisa, na jaribio litafeli bila ukuta kukosea. Inayotoka ni kinyume: ikitupwa kwenye OUTPUT (kanuni za iptables za pakiti zinazotoka), tcpdump haiioni. Nasa upande wa pili wa ukuta.

Wanaohesabu pakiti nao wana lao. ping -c 5 hutoa maombi 5 na majibu 5, mtu anaandika "== 10", kisha analalamika kwamba jaribio linayumba. ARP (maswali ya kutafuta anwani za kadi za mtandao) imeingia, na jozi mpya ya veth (violesura pepe vilivyounganishwa) huanza na kelele zake za ICMPv6 kabla hujatuma chochote. Hesabu kwa kitambulisho cha ICMP (itifaki ya ping), si kwa urefu wa orodha. Vivyo hivyo kwa ukubwa: usidai kwamba hakuna fremu inayozidi baiti 1514 kama hujazima tso, gso na gro (mbinu za kukata na kuunganisha pakiti kubwa) kwa ethtool -K, kwa sababu pakiti inayotoka hunaswa kabla kadi ya mtandao haijaikata vipande. Cheksamu "incorrect" kwenye pakiti zinazotoka mara nyingi asili yake ni hiyo hiyo: kadi ilikuwa bado haijaijaza.

Kukagua ukubwa wa faili si ushahidi pia. Kichwa cha faili la pcap peke yake ni baiti 24, kwa hiyo test -s, inayouliza tu kama faili lina chochote, itaridhika na faili lisilo na pakiti hata moja.

Kabla ya kuidhinisha, omba jaribio liharibiwe makusudi mara tatu: kiolesura kiandikwe jina lisilokuwepo, kichujio kibadilishwe kiwe "port 54" pekee, na programu ielekezwe kuvuja kweli. Kila mara matokeo yawe mekundu, na ujumbe wa kosa uwe tofauti kwa kila hali.