Samaki wa Kisumu: wa ziwa au wa kizimba?

Mwezi jana shemeji zangu walitutembelea kutoka Nakuru, na hawakutaka hata kukaa kitako kabla ya kupelekwa Dunga, ufuo wa Ziwa Viktoria hapa Kisumu. Tulipanda mashua, tukapita kando ya mafunjo, viboko wakatuchungulia kwa mbali, kisha tukarudi ufuoni kungoja chakula. Mama mpishi akafunua beseni ili tuchague samaki. Walikuwa wa saizi moja wote, kuanzia wa juu hadi wa chini.

"Mama, hawa ni wa hapa ziwani?" shemeji akauliza.

"Ni wa hapa hapa, baba. Ila wamelishwa."

Walitoka kwenye vizimba, yale makasha ya nyavu yanayoelea majini ambamo samaki hufugwa. Shemeji alinung'unika kwamba samaki wa kufugwa angempata hata Nakuru. Mkewe akamwambia huyu amekulia katika maji haya haya na ametolewa asubuhi, anataka nini zaidi? Nimekuwa nikiwaza maneno yao tangu siku hiyo, maana mji huu unaishi kwa mambo mawili ambayo mgeni huyafuata, ziwa na samaki, na sasa yanagongana.

Anayedai samaki "asilia" ana haki, lakini aijue historia. Reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na ngege, sato wa asili wa ziwa hili, akapata njia ya kupelekwa sokoni Nairobi. Mwaka 1905 zikaletwa nyavu za kisasa za kunasia. Kufikia miaka ya 1920 ngege alikuwa amepungua kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilimleta mtafiti, Michael Graham, kulichunguza ziwa mwaka 1927. Katika miaka ya 1950 wakapandikizwa mbuta, samaki mkubwa anayekula wenzake, na sato wa Mto Nile, ambaye Wajaluo humwita nyamami. Mbuta akawala fulu, wale samaki wadogo wa asili, nyamami akachukua makao ya ngege. Tunayemwita ngege mezani leo ni huyo nyamami. Ngege wa babu zetu akitafutwa kwa dhati, ni kule Ziwa Kanyaboli, Siaya. Kwa hiyo hata samaki wa ziwani aliyemkosa shemeji ni mgeni wa miaka sabini hivi.

Wenye vizimba wana hoja nzito. Samaki wa kuvuliwa wamepungua, wageni wanaongezeka, na pengo hilo limekuwa likizibwa na samaki waliogandishwa kutoka China. Ni afadhali mara mia aliyelishwa Kisumu. Lakini hoja inayonigusa zaidi ni ya akina mama. Pwani hii inaijua jaboya, ile tabia ya mvuvi kumtaka mama kimwili ndipo amuuzie samaki. Samaki wakiwa haba, mvuvi ndiye mwenye nguvu. Kizimbani samaki hupimwa kwa kilo, mama akalipa pesa zake akaenda zake. Ukimuona mama wa Dunga akichagua samaki wake kwa sauti ya kujiamini, huwezi kuliita hilo jambo dogo.

Upande wa pili uko majini. Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa ulioko hapa Kisumu, haina kina kirefu, na maji yake hubadilishana na ziwa kubwa kupitia mlango mwembamba huko Rusinga. Chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki huzama na kuoza papo hapo. Maji haya tayari yanapokea taka za mjini na mbolea ya mashambani, na gugumaji limeyasumbua kwa zaidi ya miaka 30. Mwishoni mwa 2022 samaki wengi mno wa vizimba walikufa katika ghuba hii kwa kukosa oksijeni, na wafugaji wakabaki na madeni. Tena mvuvi mdogo asiye na mtaji wa kizimba huzungushwa mbali na maeneo aliyotega tangu ujana wake. Na mafunjo ya Dunga, wanamozalia samaki na wanamoishi ndege ambao hawapatikani penginepo ila kwenye mafunjo, yakichafuka hayana badala.

Mimi nasema vizimba vibaki, lakini visogezwe kwenye maji ya kina yenye mkondo, na vihori vya karibu na mafunjo viachwe wazi. Itagharimu mafuta zaidi na ulinzi zaidi, na samaki atapanda bei kidogo. Nitailipa bei hiyo. Pia mgeni apanuliwe sahani. Omena, yaani dagaa wa ziwani, waliokaushwa vizuri wakapikwa kwa nyanya, au samaki aina ya kamongo na mboga ya osuga pembeni, ni chakula cha mji huu kama nyamami alivyo, na hawahitaji kizimba.

Jambo la mwisho ni kusema kweli mezani. Nilimuuliza yule mama kwa nini asiandike kibaoni "wa kizimba" na "wa ziwa", kila mmoja na bei yake. Aligeuza samaki kwenye karai kwanza, mafuta yakachemka kwa kishindo, ndipo akanijibu: "Nikiandika peke yangu, wateja watahamia kwa jirani ambaye hajaandika." Ana haki. Kamati ya ufuo ndiyo inayoweza kuwaandikisha wote siku moja, na nimeahidi kwenda kulisema hilo kwenye kikao chao.